ALT ya "kawaida" isiwanyime dawa wenye homa ya ini B

Ndugu Mhariri,

Wagonjwa wengi wa homa ya ini B sugu hukabidhiwa majibu yanayosomeka "ALT 38, kikomo cha juu 40" (ALT ni kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia), wakaambiwa ini ni zima. Kwa mwanamke, 38 ni mara mbili ya kikomo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2024: uniti 19 kwa lita kwa wanawake, 30 kwa wanaume. Maabara zichapishe vikomo hivyo kwenye majibu ya wagonjwa hawa. Ni jambo la kubadilisha mstari mmoja tu.

Hata hivyo ALT hupanda na kushuka, na ini lililokwisha kujaa makovu laweza kuonyesha ALT ndogo. Kwa hiyo ihesabiwe APRI, hesabu ya kukadiria makovu ya ini, ambayo haidai mashine mpya. Gawanya AST (kimeng'enya kingine cha ini) kwa kikomo chake cha juu, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa chembe sahani, yaani chembe za kugandisha damu (bilioni kwa lita). AST 48, kikomo 40, chembe sahani 160: jibu ni 0.75. Mtu mzima anayezidi 0.5 anastahili dawa bila kujali ALT wala wingi wa virusi. Akizidi 1, ashukiwe kuwa na sirosisi, yaani makovu yaliyoenea ini zima.

Sampuli mbovu huharibu hesabu hii. Seli nyekundu zikipasuka wakati wa kutoa damu, AST iliyomo ndani yake humwagika na kipimo kikapanda. Chembe sahani nazo zikishikana ndani ya chupa ya EDTA (kemikali ya kuzuia damu kuganda), mashine huhesabu chache mno. Idadi ikishuka ghafla, tazama slaidi kwa hadubini, au rudia kwa chupa ya sitreti (kizuia-kuganda kingine) na kuzidisha jibu kwa 1.1.

Vilevile, HBeAg (antijeni, yaani protini, ambayo virusi hutoa vikizaliana) ikiwa hasi isichukuliwe kuwa virusi vimelala. Vipo vilivyobadilika vikaacha kutengeneza antijeni hiyo huku vikizaliana kwa wingi, na kipimo cha wingi wa virusi ndicho huvifichua. Vikizidi uniti 2,000 kwa mililita na ALT ikawa juu ya kikomo, dawa ianze.

Na HBsAg (protini ya ganda la virusi, inayoonyesha kuwa mtu ana maambukizi), ikishabaki chanya kwa zaidi ya miezi 6, haina haja ya kurudiwa kila kliniki. Fedha hiyo ilipie AST na picha kamili ya damu, inayohesabu chembe sahani.

Mtaalamu wa maabara