Wito wa harambee: picha ya vena za kifua kwa wagonjwa 8 wanaosafishwa damu Mtwara

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu wa Mtwara, mlio nyumbani na mlio mbali,

Tunaomba shilingi 8,800,000 kabla fedha za korosho za msimu huu hazijaisha mifukoni. Ni za kuwapeleka Dar es Salaam wagonjwa 8 wa figo wasio na bima, wakapigwe picha ya MRI (mashine ya sumaku) ya vena za kifua, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, bila dawa ya rangi. Kila mmoja, pamoja na ndugu wa kumsindikiza, amewekewa kikomo cha shilingi 1,100,000.

Mgonjwa anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Ambaye fistula ya mkononi, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za kusafishia damu, haijakomaa huwekewa mpira uitwao katheta shingoni, na mpira ule hupita ndani ya vena mpaka karibu na moyo. Ukikaa miezi unasugua ukuta wa mshipa kila moyo unapodunda. Ukuta unapata kovu, kovu linabana njia. Katheta ya chini ya mtulinga hubana zaidi, ndiyo maana madaktari huikwepa. Dalili zake ndugu wa wagonjwa wanazijua: mkono wenye fistula unavimba hadi pete haitoki, uso unaamka umetuna, mishipa inajichora begani na kifuani kama mizizi, damu inachelewa kukata sindano ikitolewa, na mashine inapiga kengele ya shinikizo kila mara.

Ultrasaundi inaona shingo na mkono vizuri, lakini haipenyi mfupa wa kidari wala mapafu yenye hewa, na penye kuziba ni huko nyuma. CT, picha ya eksirei ya vipande, inapaona, ila inataka dawa ya ayodini, ambayo inaweza kummalizia mgonjwa mkojo kidogo aliobaki nao. MRI yenye dawa hutumia gadolini. Mwaka 2006 madaktari waligundua kwamba baadhi ya dawa hizo, kwa mtu ambaye figo zimekufa, zinaweza kukakamaza ngozi na viungo. Za sasa hatari yake ni ndogo sana, na hilo tunalisema wazi. Lakini bado zinataka sindano, na mishipa ya mikono ya hawa ndugu zetu inatunzwa kwa ajili ya fistula.

Picha bila dawa inaitumia damu yenyewe. Mashine inaupiga mwili picha kipande kwa kipande. Nyama iliyotulia inachoshwa na mawimbi ya redio mpaka inafifia, ila damu inayoingia kwenye kipande inakuja mpya na inang'aa. Njia ya pili inaing'arisha damu kwa umajimaji wake hata ikienda polepole, ikifuata mapigo ya moyo kwa nyaya zinazobandikwa kifuani. Hapa ndipo fundi anapohitajika kweli. Vena ya chini ya mtulinga imelala. Kipande kikikatwa sambamba nayo, damu inachoka humo humo, inageuka nyeusi, na mshipa mzima unasomeka umeziba. Mtu anaweza kupoteza mkono mzuri wa fistula kwa picha ya namna hiyo. Kwa hiyo tunaomba barua ya daktari itaje njia zote mbili, na kila vena ikatwe kwa kuivuka. Itaje pia aina ya katheta, na stenti (kibomba cha chuma cha kupanulia mshipa) kama ipo, maana chuma huacha shimo jeusi kwenye picha.

Gharama inapandishwa na ratiba. Ijumaa mgonjwa anasafishwa huku, Jumamosi alfajiri anapanda basi, Jumatatu anasafishwa Dar es Salaam, Jumanne anapigwa picha, Jumatano anarudi, Alhamisi anasafishwa nyumbani. Picha lazima iwe kesho yake baada ya kusafishwa: aliyejaa maji hawezi kulala chali dakika 40 wala kuzuia pumzi sekunde 15, na pumzi ikimponyoka picha inakuwa ukungu. Tumeweka pia akiba ya kusafishwa mara moja zaidi ugenini. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara yetu ya kusini ilikatika, na mgonjwa wa figo hawezi kungoja daraja litengenezwe.

Wasindikizaji tunawasihi mambo mawili. Njiani hakuna dafu, hata jua likiwaka vipi: potasiamu yake inaweza kusimamisha moyo wa mtu ambaye figo hazitoi. Na kabla ya kuingia chumba cha sumaku, pini za ushungi zitolewe zote, hata ile iliyojificha chini ya kidevu. Mwenye betri ya moyo, au aliyewahi kuchomelea vyuma na kuingiwa na chembe jichoni, aseme mapema.

Picha haitibu. Inamwonyesha daktari penye mbano, aamue kupanua kwa puto, kuhamisha katheta au kujenga fistula mkono wa pili. Fedha za puto hazimo humu, na hatutaki mtu aje kusema alidanganywa.

Mkulima, tunakuomba thamani ya kilo 2 kwa kila gunia. Usituletee korosho ghafi, tusije tukaingia kwenye kangomba, ule ununuzi wa korosho usio halali. Zipeleke AMCOS, chama chenu cha ushirika, kama kawaida, ulete fedha mnada ukishalipa. Shilingi 1,000 inapokelewa kwa stakabadhi sawa na laki. Mweka hazina anapokea kila Ijumaa baada ya swala na kila Jumapili baada ya ibada, na hesabu inabandikwa ubaoni siku hiyo hiyo.

Barua za madaktari za wagonjwa 5 ziko tayari. Wawili kati yao wameanza kuvimba uso, na hao ndio watakaopanda basi Jumamosi ya kwanza baada ya 2,200,000 kutimia.