Karatasi ya usajili pekee haitoshi kununulia boti

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu aliyeandika kuhusu ununuzi wa boti za mtumba hapa Florida alituhakikishia kwamba mnunuzi akishaiona karatasi ya usajili, na akiziona namba zinazoanzia na FL zimebandikwa omo, yaani mbele ya boti, pande zote mbili, basi amemaliza ukaguzi wake na anaweza kutoa fedha. Kwa heshima zote naomba kumpinga, kwa sababu ushauri wa namna hiyo ndio uliomponza mteja wangu mmoja mwaka jana, na kwangu mimi ninayeshinda na boti za faiba kutwa nzima, halikuwa jambo geni.

Namba ya omo ni namba ya jimbo. Hutolewa ofisini, hubandikwa kwa stika, na mwenye dakika kumi na kisu butu anaweza kuibandua. Namba ya boti yenyewe iko tezi, yaani nyuma, upande wa kulia, nje ya ule ubao wa nyuma unaofungwa mashine, ndani ya inchi 2 kutoka ukingo wa juu. Ina herufi na tarakimu 12, zenye kimo kisichopungua robo inchi, na inatakiwa kuwa imechongwa, imegongwa au imetoka pamoja na faiba kwenye kalibu, kiasi kwamba mtu hawezi kuibadilisha bila kuacha alama. Sheria ya Marekani inaidai kwenye kila boti ya starehe iliyotengenezwa au kuingizwa nchini tangu tarehe 1 Novemba 1972. Kwa lugha ya gereji, hiyo ndiyo chesisi namba ya boti.

Kuisoma hakuhitaji ufundi. Herufi tatu za mwanzo ni za kiwanda, na hutolewa na Kikosi cha Ulinzi wa Pwani cha Marekani, ambacho kimeweka orodha yake wazi kwenye intaneti. Tano zinazofuata ni za boti husika, na humo herufi I, O na Q haziruhusiwi kabisa, maana zinafanana mno na moja na sifuri. Ya tisa ni mwezi, A ikiwa Januari na L ikiwa Desemba. Ya kumi ni tarakimu ya mwisho ya mwaka boti ilipotengenezwa, na mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Kwa hiyo namba inayoishia na C607 ni ya boti iliyotengenezwa Machi 2006 ikauzwa kama modeli ya 2007. Utaratibu huu ni wa tangu Agosti 1984. Katika boti za kabla ya hapo utakuta nyingine zina herufi M katikati, na kwa hizo A ni Agosti, jambo ambalo limewahi kunipotezea asubuhi nzima.

Sasa nirudi kwa mteja wangu. Ni mtu wa Pwani kama mimi, amenizidi umri, na alikuwa amenunua boti ya futi 19 kwa nia ya kuisafirisha Mombasa ndani ya kontena. Aliileta kwangu nizibe ufa chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti. Karatasi zilikuwa safi. Tezi palikuwa na kibati kidogo kilichopigwa ribiti mbili, na kibati peke yake si kosa, kwani sheria inakiruhusu mradi kifungwe kwa namna ambayo kuking'oa kutajeruhi bodi. Kilichonishtua ni kwamba kati ya tarakimu za katikati palikuwa na O ya mviringo, pana kuliko sifuri iliyokuwa jirani yake. Nikazima taa ya banda, nikamulika kurunzi kwa ubavu, na pembeni mwa kibati vikaonekana vishimo vya herufi za zamani vilivyojazwa, vikapigwa msasa na kupakwa rangi nyeupe isiyolingana na weupe wa bodi. Nilipomwita aje atazame, alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, “Fundi, mimi nilitazama mashine tu.”

Boti zilizotengenezwa tangu 1984 zina namba ya pili inayofanana na ya tezi, iliyofichwa ndani au chini ya kifaa fulani, mahali ambapo mtengenezaji anapajua. Mwizi hubadilisha ile anayoiona. Afisa akiifikia ya pili na zisipolingana, karatasi ya usajili haimwokoi mnunuzi, kwani sheria ya Florida inaruhusu boti ambayo namba yake imefutwa au kuharibiwa izuiliwe, hata kama aliyenayo aliinunua kwa nia njema. Nilimshauri mzee aende mwenyewe kwa maafisa kabla hawajamfuata, na alikwenda.

Sisemi kwamba kila boti isiyo na namba ni ya wizi. Ziko za kabla ya 1972, na ziko zilizojengwa na wenyewe nyuma ya nyumba zao. Hizo zinaweza kupewa namba na jimbo. Lakini muuzaji wa boti kama hiyo atakuwa na maelezo, na maelezo hayo yaombwe kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Matangazo ya boti katika ukurasa wenu huja na picha ya omo na picha ya mashine. Mtakeni muuzaji awaonyeshe pia picha ya tezi, iliyopigwa karibu, namba ikisomeka yote, na msipoipata, tangazo lisubiri.

Wako,
Fundi wa boti za faiba,
Tampa, Florida