Barua kwa Mama Rama: ile habari ya mdogo wako na chuo cha polisi Kabalye

Mama Rama wangu,

Salaam sana. Natumaini wewe na Rama mko salama na mama hapo Sofia kwetu Busia miguu yake inampa nafuu. Mimi mzima, nimekuwa mweusi kama tako la sufuria na nywele bado hazijarudi lakini mzima kabisa. Mesiji yako niliiona wiki iliyopita nikasema hii siyo ya kujibu mstari mmoja, ngoja nipate siku ya mapumziko nikae niandike barua ya kweli kama zile za bweni, na leo ndo nimeipata, kombati nimefua, nimepiga pasi, sina mtu wa kuniita.

Sasa huyu mdogo wako. Unasema anataka kujaribu polisi kama mimi, tangazo la kuandikisha likitoka tena, na tangu mwezi uliopita anapiga pushapu hapo uwanjani asubuhi na jioni, mpaka majirani wameanza kumuita afande. Nimecheka bana. Pushapu ni nzuri, aendelee, lakini muulize swali moja tu, karatasi zake ziko wapi? Maana mimi pale kwenye mchujo sikuona mtu mwingi anarudishwa kwa sababu ya mbio, niliona wanarudishwa kwa sababu ya herufi. Unajua jina langu kwenye cheti cha UNEB, baraza la mitihani, lina Y, na kwenye ndagamuntu, kile kitambulisho cha taifa, niliandika I, mimi mwenyewe kwa mkono wangu, siku ile tulikuwa na haraka ya kwenda Majanji kuchukua samaki. Herufi moja! Ikabidi niende kwa wakili niapishwe kwamba huyu wa Y na huyu wa I ni mtu mmoja, nikalipa, nikarudi, nikapigiwa muhuri, na yote hayo nilikuwa nimeshayafanya mapema kwa sababu mjomba alinishtua, lau si yeye saa hii ningekuwa nakuuzia mitumba hapo pembeni yako.

Kwa hiyo avitoe vyote aviweke mezani leo, siyo siku ya tangazo. Ndagamuntu, vyeti vya shule vile vya orijino siyo fotokopi peke yake, cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti, barua ya mwenyekiti wa LC1, yule wa baraza la kijiji. Asome jina herufi kwa herufi na tarehe ya kuzaliwa pia. Hiyo barua ya LC1 ndo wengi wanaichukulia mchezo halafu siku ya mwisho mwenyekiti amesafiri kwenda mazishi Namayingo na muhuri amefungia nyumbani. Na tangazo lenyewe alisubiri kwenye gazeti la New Vision ama tovuti ya polisi, aangalie umri na masomo wanayotaka mwaka huo, asiambiwe na mtu wa kijiweni.

Halafu kuna hili la pesa. Mtu mmoja, simtaji, alinifuata akasema ana “mkubwa” ambaye anaweza kuniweka kwenye listi, nitume kwanza nusu kwa mobail mani, nusu nyingine jina likitoka. Mama alikuwa tayari kuuza mbuzi. Nilikataa siyo kwa sababu mimi mtakatifu, nilikataa kwa sababu nilihesabu nikaona huyu bwana akichukua nusu kwa watu ishirini, na watatu wakapita kwa nguvu zao wenyewe, hao watatu wanammalizia nusu ya pili na kumshukuru juu, wale kumi na saba anawaambia bahati mbaya. Hana kazi yoyote aliyofanya! Makao makuu ya polisi Naguru wenyewe wanasema kila mara kwamba kuandikishwa ni bure. Mdogo wako akisikia neno “mkubwa wangu” afunge masikio.

Mazoezi, haya. Mimi nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri nakimbia barabara ya Dabani, mwanzo nilikuwa nafika pale penye mti wa mwembe nashika kiuno natapika, wale vijana wa boda wananipigia honi, “afande mwizi kaenda huku!” Nikaona aibu ndo kocha mzuri kuliko wote. Baada ya miezi miwili nilikuwa naenda na kurudi bila kusimama. Kosa langu ni kwamba nilikimbia kwa raba tu, sikuwahi kuvaa gambuti, nilipoanza kuzivaa kule, na soksi zangu zile nyembamba za kanisani, visigino vilichubuka vikawa kama nyama ya buchani. Aanze sasa hivi. Gambuti na soksi nzito, atembee nazo shambani, abebe maji nazo. Majirani wakicheka basi wacheke.

Safari yenyewe nitakusimulia siku nyingine, ni ile barabara ya Gulu mpaka Kafu halafu unakata kushoto unaingia Masindi, ndo kiliko chuo cha Kabalye, nilikaa dirishani na beseni magotini, ndani yake shuka, chandarua, kikombe na sabuni, mzee mmoja kwenye gari akaniuliza kama naenda kuolewa. Masindi ni joto mama yangu, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno. Lakini watu wa Bunyoro wana heshima, wana yale majina yao ya mpaako, ukizoeana nao wanakupa moja, mimi nikaitwa Abwooli na mama mmoja muuza ndizi, mpaka leo nikiitwa hivyo nageuka.

Sasa nikwambie jambo ambalo hakuna mtu aliniambia kabla. Kiswahili. Kile Kiswahili chetu cha mpakani ambacho walimu wa Kampala walikuwa wanatucheka nacho, kule kilikuwa mali. Kabalye kuna mtu kutoka Moroto, kutoka Kabale, Arua, Masaka, Kitgum, kila mtu na lugha yake, na afande akikasirika hakasiriki kwa Kiingereza. Akisema “wewe kuruta, kimbia mpaka mti ule uguse urudi”, mimi nishafika mtini, wenzangu bado wanaangaliana nani atafanya nini wamuige. Wiki mbili tu nikawa mkalimani wa bweni zima. Usiku wananiuliza, “afande alisema jongea, jongea ni nini?” Walikuwa wananilipa kwa sabuni na sukari, sikununua sabuni karibu muhula wote.

Kulikuwa na msichana mmoja wa Masaka, rafiki yangu sana, yeye alikuwa hataki hata kukisikia. Akaniambia bibi yake akisikia Kiswahili anafunga mlango, kwa sababu kwao ile ni lugha ya askari wa wakati wa Amin, aliyekifanya lugha ya taifa 1973, na bibi kumbukumbu zake za Kiswahili ni mtu mwenye bunduki anauliza pesa iko wapi. Nikanyamaza. Sisi Busia Kiswahili ni cha kununua nyanya, cha kutongozwa, cha kuimbia watoto, sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu kinamtetemesha. Kwenye Katiba kimewekwa kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, lakini bibi wa Masaka hajasoma marekebisho. Tukaelewana nimfundishe kwanza maneno ya upole, karibu, pole, tafadhali, umelala aje. Siku moja alipopata nafasi ya kupiga simu nyumbani akamwambia bibi “shikamoo bibi, pole na kazi”, bibi akakaa kimya muda mrefu, halafu akauliza kwa Kiganda, “nani kakufundisha kusema hivyo bila kupiga kelele?”

Chakula usiniulize. Posho na maharage, maharage na posho, utazoea.

Darasani ndo palinishangaza. Mimi nilidhani ni kwata na mchakamchaka tu mwaka mzima, kumbe kuna kukaa chini na kusoma, kuandika statementi, historia ya polisi tangu 1906, sheria. Siku moja saa nane mchana, jua hilo, nusu ya darasa wanasinzia, mwalimu anasoma kifungu cha 23 cha Katiba, kwamba mtu akikamatwa lazima afikishwe kortini ndani ya masaa 48, halafu akaongeza kama anasema kitu cha kawaida, na bondi ya polisi, ile dhamana ya kituoni, ni bure, hakuna shilingi inayolipwa. Usingizi wote ukanitoka. Nikakumbuka ule usiku wa kaka yako. Sitaji ni wapi wala nani, wewe unajua. Siku nne alikaa ndani. Wewe uliuza vile vitenge vyako viwili vya harusi na mimi nikatoa hela ya karo, tukapeleka “ya bondi”, tukasema asante, Mama Rama, tulisema asante! Nikainua mkono nikamuuliza mwalimu, na kama mtu ameshalipa? Akaniangalia, akasema, “kuruta, ndo maana uko hapa.” Nikaandika kwenye daftari nikapigia mstari mpaka karatasi ikatoboka.

Ndo maana nakuuliza wewe umuulize mdogo wako anataka nini hasa. Kama ni mshahara aseme ni mshahara, siyo dhambi, konstebo anaanza chini na mshahara wenyewe siyo wa kujengea ghorofa, ajue mapema. Kama ni kombati na picha, atachoka mwezi wa pili. Mimi mwenyewe kuna usiku nilichoka, nililia ndani ya chandarua nikiwa nimeuma mto ili wa Masaka asisikie, kumbe na yeye alikuwa analia wa kwake.

Mwambie anipigie Jumapili jioni, siku nyingine siahidi. Aje na maswali yake, asije na “shikamoo afande”, mimi ni dada yake. Na zile raba zangu za kukimbilia ziko kwa mama chini ya kitanda, si mlikuwa mnanicheka nina miguu ya mwanaume, namba 41, kama zinamtosha azichukue. Soli ya kushoto imeachana mbele, fundi wa pale stendi aishone kwa uzi ule mnene, gundi haitashika.

Mbusu Rama.

Wako,
Shangazi yake