Tuelezwe pia panya wa utafiti walifugwaje

Mhariri,

Kila gazeti lako linapochapisha habari kwamba dawa fulani imeponya panya wa maabara, sisi wasomaji huambiwa jina la dawa na maradhi yaliyotibiwa, lakini hatuambiwi panya hao walitoka wapi wala matumbo yao yalikuwa na bakteria gani. Naliona hilo kuwa pengo kubwa, kwa sababu bakteria hao wanaweza kubadili matokeo hata pale ambapo dawa haikufanya lolote.

Mwaka 2009 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba panya wa ukoo wa C57BL/6 waliotoka Taconic, kampuni inayofuga na kuuza panya wa maabara, walikuwa na seli nyingi za kinga aina ya Th17 katika utumbo mwembamba, ilhali wale wa mfugaji mwingine, Jackson Laboratory, walikuwa nazo chache mno. Chanzo kilikuwa bakteria wa aina moja, wenye umbo la uzi, waliokosekana kwa kundi la pili. Mwaka 2015 ikabainika kwamba hata melanoma, aina ya saratani ya ngozi, ilikua kwa kasi zaidi kwa panya wa Taconic, na tofauti hiyo ikatoweka makundi hayo mawili yalipofugwa pamoja kabla ya jaribio.

Ilitoweka kwa sababu panya hula kinyesi cha wenzao, na hivyo wanaoishi kizimba kimoja huambukizana bakteria. Basi mtafiti akiwaweka wote waliopewa dawa katika kizimba kimoja, na wasiopewa katika kingine, anaweza kudhani amepima dawa kumbe amepima vizimba. Chakula, matandiko na hata maji yaliyotiwa asidi nayo huchangia.

Kuwafuga katika usafi wa kupindukia si dawa ya tatizo hili. Mwaka 2006 jijini London, wanaume sita waliugua vibaya baada ya kupewa TGN1412, dawa ya majaribio iliyolenga seli za kinga, ambayo ilionekana salama kwa wanyama. Utafiti wa mwaka 2019 ulitumia viinitete vya panya wa maabara vilivyopandikizwa kwa panya mwitu; watoto waliozaliwa, wakiwa na bakteria wa porini, waliipokea dawa ya aina hiyo kwa namna iliyokaribia ile ya binadamu kuliko panya wa kawaida wa maabara.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wako wamuulize kila mtafiti panya wake walitoka wapi, waligawanywa katika vizimba vingapi, na kama jaribio limerudiwa kwa panya wa mfugaji mwingine. Majibu hayo yachapishwe pamoja na habari yenyewe.

Msomaji wako