Barua kwa mwanangu: ile bodi nyekundu iache

Mwanangu, marahaba. Huku Moshi hatujambo, mama yako tu magoti yanamsumbua na hii baridi, mlima umejifunika wiki ya pili hii hatujauona. Meseji yako ya kutaka kurudia windisafi, ule mchezo wa kusimama kwenye bodi yenye tanga baharini, nimeisoma na zile picha tatu za bodi zinazouzwa nimezikuza mpaka simu ikaganda, nikaona hapana, bodi haikaguliwi kwenye kioo cha simu, jana asubuhi nikapanda Kosta nikaenda zangu Arusha mpaka Njiro kwa yule mzungu anayehama. Kilomita 80 tu, na sikuwa na kazi nyingine zaidi ya kugombana na kuku wa jirani. Kwahiyo hii ndo ripoti, nimeiandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe ukianza kusikia usichokipenda unasema "mtandao baba, mtandao", unakata.

Kwanza uzito. Krismasi ulipopanda mizani ya mama yako ukashuka haraka haraka, mimi nilichungulia. 92. Sasa rudi nyuma kidogo, ulipoacha windisafi 2013 ulikuwa form four, kilo 61, mbavu unazihesabu ukiwa mbali, ile bodi ndogo ya lita 85 uliyokuwa unachezea pale Jambiani ilikubeba bila shida. Na hii nyekundu uliyoizungushia kiduara kwenye picha ni lita ngapi? Lita 85. Nimeishika, ni nzuri, siwezi kukudanganya, nyepesi unaibeba kwa mkono mmoja, rangi inawaka, ila nilivyoiona nikajua hukuwa unatafuta bodi, ulikuwa unamtafuta yule kijana wa form four.

Fanya hesabu, haihitaji ualimu. Lita moja ya bodi inabeba kama kilo moja hivi, maji ya chumvi yanakuongezea kidogo sana. Wewe 92, bodi yenyewe tuseme 8, tanga na mlingoti na bumu, ule mti wa kushikilia tanga, na makorokoro yake kama 10, jumla 110. Unaiweka 110 juu ya lita 85, utakuwa umesimama chini ya maji. Wazoefu wanaziendesha hizo kwa sababu upepo ukiwa mkali wanaingia majini wakielea, tanga linawanyanyua lenyewe, wakishashika mwendo bodi inateleza juu juu ya maji na hapo lita hazina kazi tena. Wewe miaka yote hii hujashika bumu, upepo ukikata katikati ya bahari utafanyaje?

Nakuuliza kwa sababu najua jibu. Hii sijawahi kukuhadithia, mama yako ndo anaijua na kila akikasirika anaitoa. 2019 nilivyoenda Unguja kwenye ile harusi, siku ya pili nikateremka Jambiani, vijana niliowafundisha enzi zangu wakanikaribisha, mwalimu mwalimu, chukua hii chukua ile, kulikuwa na bodi kubwa ya wanafunzi pale, nikaona aibu, mimi nipande bodi ya wanafunzi? Nikachukua ya lita 95. Nilikuwa na kilo 84. Kwenda nilienda vizuri mno, kusi safi, nikajisemea mkono haujasahau, nikafika karibu na mwamba nikataka kugeuza nirudi, nikaanguka, na dakika hiyo hiyo upepo ukalegea. Napanda, bodi inazama mpaka magotini. Navuta kamba ninyanyue tanga, omo ya mbele inazama, nakaa tezi kule nyuma, tezi nayo inazama. Nimehangaika pale saa nzima nakunywa maji ya chumvi, mwisho nikalaza tanga juu ya bodi nikaogelea nayo, maji nayo yanatoka, nikaishia kutembea kwa miguu katikati ya mashamba ya mwani nimejifunga bodi kwenye kiuno, na kina mama wa mwani wameacha kazi wananitazama, mmoja akaniuliza, baba, hicho chombo chako kinaendeshwa na nani? Nilicheka kwa nje.

Basi twende kwenye bodi. Ile ndefu ya njano ya kwenye picha ya kwanza ni ya zamani, ukoo wa zile Mistral walizotumia Olimpiki kuanzia 1996 mpaka 2004, sentimita 372 na upana sitini na kitu. Mimi nimejifunzia ndefu kama hizo na mpaka leo upepo ukiwa mdogo nazipenda, zinakata maji kama dau. Lakini nyembamba, zinayumba ukikaa vibaya, na utaipakia kwenye gari gani? Ina uzito pia, na upande mmoja nikaitikisa nikasikia maji ndani. Nikaiacha hapo hapo.

Ya tatu ndo yako. Ile nyeupe uliyoandika "hii mbaya sana hahaha". Lita 150, urefu 250, upana 80. Siku hizi bodi zimefupishwa zikapanuliwa, na huo upana ndo unaokusaidia, fikiria mrengu wa ngalawa, chombo hakilali ovyo, unapata muda wa kuvuta kamba na kupanga miguu yako. Toa ile mia na kumi kwenye 150, weka kilo nne tano za ziada kwa sababu bodi kubwa ni nzito zaidi, bado unabaki na zaidi ya lita thelathini za kukuvumilia makosa. Mimi kwa mtu aliyewahi kujua akaacha huwa naongeza lita 50 au 60 juu ya uzito wake, anayeanza kabisa namuongezea zaidi. Na usije ukashawishika na mtu akuuzie bodi ya mwanafunzi kabisa, zile lita 200 na ushei, utazichoka ndani ya mwezi, wewe mwili utakumbuka haraka, kichwa chako ndo kimebeba kilo nyingi.

Halafu ina mkuku katikati, ule ubao mwembamba wa kukanyaga kwa mguu unashuka chini ya bodi, ukishika kasi unaupandisha. Huo usiuone wa kitoto. Ukianza tena, tatizo kubwa ni kurudi ulikotoka, kila ukianguka unasukumwa demani, upepo unakoelekea, na kupiga bisha kwenda joshi, upepo unakotoka, bila mkuku upepo ukiwa mdogo ni kazi ya watu. Juu imewekwa raba kama ya ndala, magoti yako yatashukuru. Sehemu za mikanda ya miguu zipo, we usiifunge kwanza, utaikumbuka baadae.

Nimeikagua vile mama yako anavyokagua gauni la mtumba pale Memorial, anageuza ndani anatazama mshono. Nimebonyeza kwa dole gumba kote, hasa mlingoti unapokaa na pale visigino vinaposimama, ikibonyea ujue faiba imeachana na povu la ndani. Iko ngumu. Omo iligonga kitu ikazibwa, wamepiga msasa vizuri. Tundu la pezi halina ufa. Nikapanda mizani nayo halafu bila nayo, kilo 12 na nusu, kwahiyo haijanywa maji. Na ile skrubu ndogo ya kupumulia ipo, sasa nisikilize vizuri hapa, Arusha iko juu kama mita 1400, hewa yake nyepesi, ikifungwa huku ikashuka Dar imefungwa, hewa nzito ya chini inaibana bodi kwa nje, na penye kaufa kadogo itavuta maji kama mrija. Kwahiyo isafiri imefunguliwa, ila kabla hujaingia majini KAZA, nimeshaona mtu amesahau.

Tanga anazo mbili. Chukua ya mita za mraba 6.2, imeandikwa pale chini mlingoti sentimita 452, anao wa 430 na kipande cha kuongezea chini unakivuta sentimita 22, basi. Ile ya 7.5 inataka mlingoti wa 460 ambao hana, anataka tu kupunguza mizigo. Zile bodi za siku hizi zenye mguu mrefu chini zinazopaa juu ya maji, hata Olimpiki ya 2024 wamepanda hizo, najua utaniuliza. Hapana.

Na Kigamboni usiingie alfajiri, upepo wa umande unatoka bara, unakupeleka nje kwa wenye meli. Subiri kusi ipande mchana, ile inakurudisha pwani ukishindwa.

Alitaka laki tisa, nimemshusha mpaka laki saba na tanga na mlingoti na bumu ndani yake, na nimemlipa laki moja ya kushikia, yangu hiyo utanirudishia. Alhamisi anafunga nyumba. Mama yako anauliza bodi ya mita mbili na nusu utaiweka wapi kwenye chumba kimoja na sebule, nimemwambia chini ya kitanda. Hebu pima hicho kitanda unijibu leo kabla hajalala.

Baba yako