Abiria wa meli aachwe atembee mjini, lakini kisiwani aulize maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala ambao hapa Tanga umeanza kusikika vijiweni tangu gati letu lilipoongezwa kina hadi mita 13, watu wakaanza kuzitazamia meli kubwa za watalii zifunge hapa kama zinavyofunga Malindi, Unguja. Wapo wanaoshauri kwamba siku hiyo ikifika, kila abiria atakayeshuka apokewe na basi na mtembezaji, azungushwe na kurudishwa melini, asiachwe kuzurura peke yake. Mimi nilitembeza wageni Unguja kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwetu Chumbageni, na ushauri huo naukubali nusu tu.

Nianze na nusu nisiyoikubali. Kutoka lango la bandari ya Malindi hadi Ngome Kongwe na Forodhani ni mwendo wa miguu, na mgeni akipotea vichochoroni mwa Mji Mkongwe, mwisho wake atatokea ama baharini ama Darajani. Mgeni huyo hunywa kahawa barazani, hununua maembe sokoni, kisha hufika Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, akakaa hapo kadiri moyo wake unavyotaka. Mwenzake aliyelipia safari ya kundi melini hupita papo hapo nyuma ya migongo ya watu arobaini, akaambulia robo ya maelezo, na fedha yake huishia katika duka moja ambalo limekwisha kuelewana na aliyemleta. Nasema hivi nikikiri kwamba kamisheni ya duka la namna hiyo nami nimeila. Ni kweli papasi, wale vijana wanaowafuata wageni wakijitolea kuwatembeza, watamwandama, ila "hapana, asante" ya Kiswahili, yenye uso mkunjufu, huwatosha wengi wao.

Mambo hubadilika pale mgeni anapotaka kuvuka tena maji. Siku moja nilikuwa kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, na wageni wangu waliokuja kuwaona kobe wakubwa, nikawakuta mume na mke, abiria wa meli, wamesimama ufukweni wakitazama upande wa mji. Walikuwa wamekodi mashua wenyewe kwa bei nzuri kuliko ya melini, na kwa kuwa walijifunza maneno machache ya lugha yetu, walimwambia nahodha awafuate "saa tatu". Wao walikusudia saa tisa alasiri, ambayo kwenye saa zao ni tatu. Nahodha alielewa saa tatu kama mimi na wewe tunavyoielewa, na kwa kuwa kisiwani kuna nyumba ya wageni, alidhani wanalala hadi asubuhi. Meli yao ilikuwa inaondoka saa kumi na moja jioni hiyo hiyo. Niliwapakia, tukabanana, wakawahi. Hakuna aliyekuwa mwongo wala mjinga katika kisa hicho, lakini meli isingewangoja: huwangoja wale waliotoka kwa safari iliyouzwa na meli yenyewe, na aliyejitembeza akichelewa hujitafutia njia ya kuifuata bandari inayofuata kwa gharama yake. Huo ndio ubora mkubwa wa safari ya melini, na sioni haya kuusema.

Zaidi ya saa kuna maji. Pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi, kwa hiyo mashua iliyowashusha wageni kavukavu leo asubuhi inaweza, saa ile ile wiki ijayo, kuwashusha katikati ya matope. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilichotangazwa hifadhi tangu mwaka 1975, ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Sitaki kumfikiria mgeni aliyeachwa pale na nahodha wa "saa tatu". Huko mwenyeji ni wa lazima.

Na yako magofu, ambayo bila msemaji ni mawe tu. Kilwa Kisiwani huwezi kuvuka bila kibali, na kibali hicho kina busara yake, maana anayefika kwenye magofu ya jumba la Husuni Kubwa bila kuelezwa ataliona shimo la pembe nane na kulipita, asijue kwamba ni birika la kuogea la sultani wa karne ya 14. Kisiwa chetu cha Toten, kilicho mbele ya macho yetu kila siku, kina misikiti iliyobomoka na makaburi, na hata jina lake Toten ni la Kijerumani lenye maana ya wafu. Nani atamweleza mgeni hayo, kama si mtu wa hapa?

Kwa hiyo abiria aachwe atoke bandarini kwa miguu, aende kwenye makumbusho ya Urithi na soko la Ngamiani bila mtu wa kumshika mkono. Anayetaka Toten au makaburi ya nguzo ya Tongoni apate mtembezaji wa Tanga aliyesajiliwa, akutane naye nje ya lango na si kupitia dawati la melini, ambako sehemu ya fedha hubaki kabla haijamfikia mwenye mashua. Na kabla hatujanunua basi hata moja, ninaiomba halmashauri iweke ubao pale vyombo vinapofunga, wenye nauli na nyakati za maji kujaa na kupwa kwa siku hiyo, uandikwe kwa saa zetu na kwa saa za wageni, zote mbili.

Wako msomaji,
Chumbageni, Tanga