YAH: KUCHUKUA NAMBA YANGU BILA RIDHAA NA KUNITUMIA DENI LA MTU MWINGINE

Meneja,
Kampuni ya Mikopo ya Mtandaoni,
Dar es Salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sijawahi kukopa kwenu, sijapakua programu yenu, wala sijamdhamini mtu. Hata hivyo, wiki iliyopita mlinitumia picha ya kitambulisho cha NIDA cha mteja wenu, deni lake la shilingi 60,000, na maneno "mwambieni tapeli huyu alipe".

Ujumbe wenyewe ulianza hivi: "Habari Mama Vitenge Sokoni." Hilo si jina langu. Ndivyo mama huyo, mteja wenu, alivyonihifadhi kwenye simu yake, maana mimi ndiye ninayemuuzia vitenge, na sijui pengine popote lilipoandikwa. Kwa hiyo msiniambie kwamba alinitaja kama mdhamini. Mdhamini huandikwa kwa jina lake kamili na hupigiwa simu kabla mkopo haujatoka. Ninyi mmekomba majina yote yaliyomo kwenye simu yake. Mchungaji wake amepata ujumbe uleule, mwalimu wa watoto amepata, na kikoba chetu kizima kimepata.

Nilipopiga namba iliyotuma, kijana wenu alinijibu, "Mfumo ndio umeleta, dada." Mfumo haukujitengeneza. Kuna mtu ofisini kwenu aliyeamua kwamba mwenye shida ya ada ya shule akibonyeza "Ruhusu" ili apate mkopo, basi amewakabidhi na sisi wote tunaojuana naye. Yeye ana haki ya kuruhusu yaliyo yake. Namba yangu si yake kuitoa, na ninyi hamkuniuliza.

Deni halali lilipwe, hilo silipingi. Mkataba mnao na mahakama zipo. Lakini mama huyu alikuwa mweka hazina wa kikoba, mtu tuliyemwachia ufunguo wa sanduku, na tangu ujumbe ule haonekani vikaoni. Mmemvunjia heshima ya miaka mingi kwa shilingi 60,000.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inanipa haki ya kujua taarifa zangu mlizonazo. Google nao, mwaka huohuo wa 2023, walizikataza programu za mikopo binafsi kusoma orodha ya majina na picha zilizomo kwenye simu ya mteja. Labda ndiyo maana yenu inasambazwa kwa kiungo cha WhatsApp.

Nataka mnieleze kwa maandishi ni taarifa gani zangu mnazo, mlizipata lini, na mmempa nani mwingine. Kisha mzifute na kunithibitishia. Nataka pia wote mliowatumia ujumbe ule watumiwe mwingine wa kumwomba radhi mama huyo, kwa sababu jina la tapeli mlilitangaza kwa wengi. Na mnitajie namba ya leseni yenu ya Benki Kuu, kwani Novemba 2024 benki hiyo ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yanayofanya kazi bila kibali.

Nawapa siku 14. Msinipigie simu, nijibuni kwa barua.

Mlalamikaji,
Mfanyabiashara wa vitenge, Morogoro.

Nakala:
Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi
Benki Kuu ya Tanzania